Daktari, Usifunge

Naitwa Risper Auma. Nilizaliwa hapa hapa Kasipul, si mbali na Oyugis, nikaolewa upande wa Rongo. Ndiyo maana mume wangu haniiti kwa jina langu. Tangu siku aliponichukua kwetu mpaka leo ambapo nimepita miaka sitini, yeye ananiita Nyar Kasipul, yaani binti wa Kasipul. Nimeombwa nisimame mbele yenu akina mama niseme nilivyougua na nilivyopona. Nitasema. Ila mnisamehe mapema, kwa sababu ugonjwa wangu ulikuwa mahali ambapo huwa hatupataji, na siwezi kuusimulia nikizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mwanamke wa kubeba. Nilibeba maji, kuni na magunia ya njugu karanga kutoka shambani mpaka barabarani, na siku ya soko nilibeba tena kutoka barabarani mpaka mahali pangu pa kuuzia. Nilizaa watoto saba, wote kwa njia ya kawaida, watano wakiwa wazito mpaka mkunga akasema, "Wewe unazaa watoto waliokwisha kunyonya." Kila nilipojifungua sikukaa sana. Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijakauka, na mimi niko na jembe.

Mume wangu ni Naftali. Wakati huo aliendesha trekta la miwa upande wa Awendo. Jioni alirudi amejaa vumbi na harufu ya dizeli, na kabla ya kuoga alinitafuta nilipo, hata kama ni kwenye moshi jikoni, anisalimie. Tulipendana. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu hudhani mapenzi ni ya vijana, sisi wengine tunaishi pamoja tu kama mbuzi wa zizi moja. Sisi hatukuwa hivyo. Hata hedhi yangu ilipokoma, na watoto wengi wakawa wametoka nyumbani, mambo yetu yalizidi kuwa mazuri. Hakukuwa tena na hofu ya mimba, wala mtoto wa kulia katikati. Tulikuwa wawili, tunacheka chumbani kama maarusi.

Basi ikaanza hivi. Nilianza kusikia uzito chini ya tumbo, hasa jioni, kama kuna kitu kinataka kudondoka. Nikikaa, unapungua. Nikasema ni uchovu, ni umri. Halafu siku moja ya soko pale Rongo niliinua gunia la njugu, nikalitupa kichwani kama kawaida yangu, nikasikia kitu kimeteleza ndani yangu. Hakikuuma. Kiliteleza tu. Niliuza njugu mpaka mchana, lakini kutembea kukawa kugumu. Nilipoenda chooni nikapeleka mkono, nikagusa kitu laini, cha mviringo, chenye unyevunyevu, kama yai lililochemshwa likamenywa. Kilikuwa kimechungulia mlangoni pa uzazi.

Nilishtuka sana. Nilikisukuma kwa vidole kikarudi ndani. Nikanawa mikono, nikarudi kuuza, na sikumwambia mtu.

Kwa muda mrefu ikawa hivyo. Asubuhi niko sawa, jioni kimetoka, nakirudisha. Baadaye kikawa kinatoka mchana. Mwisho kikawa hakirudi kabisa, kinaning'inia kutwa, kimekuwa kikubwa kama ngumi ya mtoto. Mkojo ulinisumbua kwa njia mbili. Nikikohoa au kucheka unanitoka. Nikienda kukojoa unakataa, mpaka nikisukume kile kitu juu ndipo utoke. Na kwa kuwa kilikuwa kinasuguana na nguo, kilifanya kidonda. Nguo zangu za ndani zikawa na damu na majimaji yenye harufu. Nilikata kanga kuukuu vipande vipande, nikawa najifunga kama msichana aliyeanza hedhi jana.

Nilijitibu mwenyewe. Nilikalia beseni la maji ya moto yenye chumvi. Mama mmoja sokoni alinipa unga wa mizizi, akasema nipake, utakaza. Niliupaka nikaruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kile kidonda kikawa kibaya zaidi. Kanisani niliacha kwaya, nikasema magoti yananiuma, maana kusimama muda mrefu nilikuwa siwezi, na niliogopa wenzangu wataisikia harufu. Nilianza kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Na Naftali? Hapo ndipo penye uchungu kuliko kidonda. Mwanzoni nilijikaza, lakini iliuma na nikatokwa na damu. Nikaanza kusema nimechoka. Kisha kichwa kinauma. Kisha nikamchukua mjukuu wangu mdogo, Achieng', nikamleta alale kitandani kwangu, eti anaota ndoto mbaya. Mtoto hakuwa na ndoto yoyote. Naftali alitazama yule mtoto katikati yetu, akachukua blanketi lake, akaenda kulala chumba cha mbele.

Aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunachambua maharagwe uani. Akasema, "Nyar Kasipul, nimekukosea nini?"

Nikamwambia, "Hujanikosea."

"Basi umenichoka."

Niliinamia maharagwe. Ningejibu nini? Kwamba nina kitu kinaning'inia kama cha ng'ombe aliyezaa vibaya? Niliona afadhali adhani nimemchoka kuliko achukizwe nami. Baada ya siku hiyo hakuuliza tena. Aliacha pia kuja jikoni kunisalimia. Alipita moja kwa moja kuoga.

Watu wana macho. Dada yake mkubwa, wifi yangu Yunia, mjane anayeishi boma la pili kutoka kwetu, alikuja akakaa kigodani akaniambia, "Mama Otieno, kama kazi za hapa zimekushinda, si umruhusu kaka yangu alete msichana akusaidie?" Nyote hapa mnajua msichana wa kusaidia namna hiyo anasaidia kazi gani. Nilimkaribisha uji akanywa akaenda. Mimi nililia nikiwa nimeinamia sufuria ili wakaza wanangu wasinione.

Sasa mvua za kupanda zikakaribia. Wengi wenu ni Wajaluo, mnajua, lakini nawaona pia wageni kwa hiyo nitafafanua. Katika mila yetu, wazazi ndio wanaofungua msimu. Baba na mama wanalala pamoja kama mume na mke, ndipo mbegu zitoke nyumbani, ndipo wana wao waliooa nao wapande. Tunaita golo kodhi. Kuna nyumba zimeiacha kabisa kwa sababu ya dini. Kwetu haikuachwa. Wanaamini ukiruka hatua hiyo utaleta chira, ule ugonjwa wa kukonda na kufa unaofuata mtu aliyevunja mwiko. Wanangu wawili, Otieno na mdogo wake, wamejenga ndani ya boma letu. Hawawezi kupanda kabla yetu. Na hawawezi kutuuliza, maana mtoto hamuulizi mamake jambo kama hilo.

Mvua ya kwanza ikanyesha, kisha ya pili. Majirani wakapanda. Boma letu likawa kimya. Otieno alikuwa anapita na jembe begani, analinoa, anarudi. Mke wake alikuwa ameshachagua mbegu, zinakaa tu kwenye ungo. Wifi Yunia akaja, safari hii hakukaa hata kidogo. Akasema akiwa wima, "Mvua haiwangojei ninyi. Watoto watakula nini? Mnangoja nini, watu wazima?"

Jioni hiyo nilimpeleka Achieng' kwa mamake. Nikamwambia Naftali arudi chumbani. Mngemwona! Alioga, akanyoa ndevu, akavaa shati safi, mzee wa watu, akaja akakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Mimi nilikuwa nimeamua kuvumilia. Nilijiambia, uma meno, ni mara moja tu, watoto wapande. Lakini aliponishika bega kwa ule upole wake, nikashindwa. Bado kulikuwa na mwanga dirishani. Nikamwambia, "Baba Otieno, funga mlango. Kuna kitu nataka ukione."

Nikamwonyesha.

Nilifunika uso wangu kwa kanga ningoje asimame atoke. Badala yake nilisikia sauti yake iko karibu, imepasuka kidogo. Akauliza, "Inauma?"

Akina mama, kwa muda wote ule hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nililia mpaka nikakosa pumzi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya soko niliporudi na njugu ambazo hazikuisha."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa utanichukia."

Alivua shati lake safi akaninyoosha miguu, akanifunika nalo mahali pale kwenye kidonda, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Akasema, "Na mimi nilikuwa nasema umepata mwingine huko sokoni, mwenye gari." Tukacheka, mkojo ukanitoka kwa kucheka, nikalia tena. Usiku huo alilala kando yangu bila kunigusa zaidi ya mkono.

Kulipopambazuka nilisikia jembe likichukuliwa ukutani. Akawaita wanawe wote wawili mbele ya nyumba. Wifi Yunia naye alikuwa amefika, nafikiri alikuja kuhakikisha. Mimi nilisikiliza nikiwa ndani nyuma ya pazia. Naftali akasema, "Mama yenu ni mgonjwa. Ni ugonjwa wa uzazi, na amekuwa nao muda mrefu. Hatukufanya kile kitu mnachokingoja, na hatutakifanya mpaka apone. Chukueni mbegu mkapande."

Otieno aligeuka kutazama mlango wetu. Kisha akasema, "Sawa, Baba. Mama anahitaji nini?"

Yunia akapiga kelele. "Naftali! Unaleta chira nyumbani kwa baba yako!"

Naftali akamjibu, "Ikija inajua jina langu. Nitakuwa pale shambani." Akaenda, wanawe wakamfuata. Mahindi yalimea kama ya majirani, na hakuna aliyekonda.

Wiki hiyo hiyo tukaenda hospitali kubwa, upande wa Homa Bay, kwa sababu ndugu yangu wa Oyugis aliniambia huko kuna daktari wa akina mama. Nikaingia nikakuta kijana, sawa na kitinda mimba wangu. Niligeuka nitoke. Nesi aliyekuwa naye, Sista Beldina, akanishika mkono akasema, "Mama, huyu ameona mengi. Chako hakitamshangaza. Na mimi nitasimama hapa kichwani kwako."

Nilipanda kitandani. Daktari alivaa glavu, akanieleza kila anachofanya kabla hajafanya. Akasema, "Mama, hii kitu si uvimbe. Ni kizazi chako. Kimeshuka."

Mimi niliyezaa saba sikujua kizazi kinaweza kushuka. Alinieleza kwamba kizazi kinashikiliwa na misuli na kamba kamba za nyama. Kuzaa sana na kubeba mizigo mizito kunazilegeza, na hedhi ikikoma mwili unapunguza zile homoni zilizokuwa zinaipa nyama ile nguvu na unyevu. Akasema, "Hukurogwa. Hukukosa. Ni kama mshipi uliovaliwa sana." Nilimuuliza kama ni saratani kwa sababu ya damu. Alichukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Majibu yalipotoka hayakuwa saratani. Naftali alipiga magoti pale pale kwenye korido, watu wakimpita.

Matibabu hayakuwa ya siku moja. Kwanza nilipewa krimu ya kupaka ndani ya uke, ile ya homoni, ili kidonda kipone na ngozi ipate nguvu. Nilifundishwa na fundi wa mazoezi pale hospitali jinsi ya kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, kukaza na kuachia. Kisha walijaribu kuniwekea pete ya mpira ya kushikilia kizazi. Wapo wanawake wanaoishi nayo vizuri miaka na miaka, na husahau kama wanayo. Kwangu haikushika. Ilianguka nikiwa chooni nyumbani, nikabaki nimeshangaa kwenye giza la choo. Kizazi changu kilikuwa kimeshuka mno. Daktari akasema itabidi upasuaji.

Nilimwambia sawa. Akaniambia kuna aina mbili. Moja ni ndefu, wanatoa kizazi na kushonea kuta za uke zirudi mahali pake. Nyingine ni fupi, inapona haraka, hairudii kirahisi. "Hiyo tunafunga njia," akasema. "Kwa umri wako, mama, na vile imeharibika, naona hiyo ndiyo itakufaa. Utapumzika kabisa."

Nikatikisa kichwa kukubali. Kwa daktari mimi nilikuwa najua kutikisa kichwa tu. Nikapangiwa siku.

Siku moja kabla ya upasuaji nililazwa wodini. Alasiri Sista Beldina akaja na karatasi za kutia sahihi. Akakaa kitandani kwangu, akafunga pazia, akaniuliza kwa Kijaluo, sauti ya chini, "Mama, umeelewa maana ya kufunga? Baadaye hakutakuwa tena na mambo ya mume na mke. Kabisa. Na haifunguliwi."

Nikamtazama. Sikuwa nimeelewa. Nilidhani wanafunga kile kidonda.

Nikasema, "Ngoja nikaongee na mzee."

Naftali alikuwa nje kwenye nyasi, ameketi kando ya watu waliosubiri saa ya kuona wagonjwa. Nilimweleza. Alikata majani ya nyasi moja moja akiwaza. Kisha akasema, "Wafunge. Kama hiyo ndiyo itakuponya, wafunge, Nyar Kasipul. Mimi nilikuoa wewe, sikuoa sehemu." Alisema kwa moyo safi. Ni maneno ambayo mwanamke yeyote angetamani kuyasikia. Lakini nilipoyasikia nikaingiwa na huzuni kubwa, na mwanzoni sikujua huzuni hiyo inatoka wapi.

Nikamwambia, "Daktari ameamua. Wewe umeamua. Yunia huko nyumbani anaamua. Mbona hakuna anayeniuliza mimi?"

Aliacha zile nyasi. "Basi nakuuliza."

Ilikuwa aibu, jamani. Nikiwa na nywele hizi nyeupe, nimekaa kwenye nyasi za hospitali, nimevaa gauni lao lililofungwa nyuma kwa kamba. Lakini alikuwa ameuliza, na alikuwa anangoja. Nikamwambia, "Nakutamani. Nilikutamani muda wote ule nikiwa nimemweka mtoto katikati. Si kwa ajili ya shamba. Si kwa ajili yako. Ni mimi. Sitaki kufungwa."

Mzee wangu aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anatabasamu kama kijana aliyepewa jibu na msichana njiani.

Nilirudi wodini. Sikungoja daktari aje, nilimfuata mpaka mlango wa ofisi yake nikiwa na lile gauni, Sista Beldina nyuma yangu. Nikasema, "Daktari, usifunge."

Akasema, "Mama?"

"Mimi nina mume. Tunapendana. Bado tunatumia."

Yule kijana aliona haya kuliko mimi. Alitazama chini, kisha akavua miwani yake. Akasema, "Mama, nisamehe. Ilinipasa nikuulize kwanza, nami sikuuliza." Akanikalisha, akanieleza ule upasuaji mrefu upya: nitakaa zaidi kupona, kuna uwezekano mdogo wa kushuka tena baadaye, na mambo ya chumbani yanaweza kuwa magumu mwanzoni. Akaniuliza, "Hata hivyo unataka huo?"

"Nataka huo."

Siku ilisogezwa mbele kidogo ili wajipange. Nilipofanyiwa nilidungwa sindano ya mgongo, nikawa macho, nasikia vyuma vinagonga lakini sisikii maumivu. Sista Beldina alikuwa kichwani kwangu kama alivyoahidi siku ile ya kwanza, ananiuliza habari za watoto mmoja mmoja. Tulipofika kwa mtoto wa sita wakasema tumemaliza. Niliamka kesho yake nikiwa na mpira wa mkojo na pamba ndefu ndani, naumwa kiuno na nyonga. Walipotoa vile vitu na nikaenda chooni kwa miguu yangu, nilikaa, na mkojo ukatoka. Peke yake. Bila kusukuma kitu. Nilikaa pale nikiusikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo.

Nyumbani niliambiwa nisibebe kitu, hata jerikani ya maji. Naftali akabeba. Wanaume wenzake barabarani walimcheka, mzee na jerikani. Yeye akawaambia, "Chekeni, lakini msimwage maji yangu." Wakaza wanangu walinipikia samaki na mboga nyingi ili choo kiwe laini, maana kujikamua ni hatari. Nilikaa kwenye kiti uani mpaka nikawa najua kila kuku na tabia zake.

Niliporudi kliniki, wakanipima, wakasema mishono imeshika vizuri na kwamba tunaweza kuanza tena tukitaka. Sista Beldina alinivuta kando akanipa mafunzo ambayo mama yangu hakuwahi kunipa. Niendelee na ile krimu. Tutumie mafuta maalumu ya kulainisha yenye asili ya maji, tusitumie ya mwili wala ya kupikia. Tusiharakishe. Ikiuma, tuache, na si mwisho wa dunia. "Na mwambie mzee," akasema, "kuna mapenzi mengi kabla ya hapo."

Tuliogopa wote wawili. Jaribio la kwanza hatukufika popote. Tulilala tu tumeshikana. Akasema, "Naogopa nitakuharibu." Nikamwambia, "Mimi si kikombe." Jaribio jingine liliuma kidogo, tukaacha, tukaenda kuchemsha chai saa tisa mchana kama watu wavivu. Nilirudi kliniki nikawaambia bila aibu kwamba kunauma, wakanionyesha mahali palipokaza na jinsi ya kupalegeza kwa vidole vyangu mwenyewe, kidogo kidogo, kila siku. Polepole mwili ukakubali. Haikuwa kama tulipokuwa vijana, siwadanganyi. Ilikuwa taratibu zaidi, na maneno mengi zaidi. Tulikuwa tunaulizana. Miaka yote ile hatukuwa tumewahi kuulizana. Siku ilipofanikiwa nililia, na Naftali akashtuka akadhani nimeumia, nikamwambia hapana, ni furaha, endelea kunishika.

Sasa kuna jambo moja sikulitegemea. Alasiri moja wifi Yunia alikuja. Tulikuwa hatujasemezana vizuri tangu siku ile ya mbegu. Alikaa, akasifia kuku, akasifia mvua. Halafu akatazama kando, akauliza, "Hiyo kliniki yako huwa siku gani?"

Nikamwambia siku yake.

Akasema, "Mimi nimejifunga kitambaa tangu nikiwa na mimba ya mwisho. Nilidhani ndivyo wanawake wote wanavyozeeka."

Nilimshika mkono. Huyu aliyenililia chira alikuwa amebeba kitu hicho hicho muda mrefu kuliko mimi. Nilimpeleka mimi mwenyewe. Daktari yule yule alimpima, na safari hii, kabla ya kusema lolote juu ya upasuaji, alivua miwani akamuuliza, "Mama, je, una mwenzako? Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Yunia alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwenzangu yuko kaburini, na mimi sitaki mwingine wa kunisumbua. Funga, mwanangu. Funga na ufunguo utupe ziwani." Wakamfunga. Sasa anatembea mpaka sokoni akiimba, na ana furaha kunishinda. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi kufunga ni kubaya. Nasema uulizwe, na ukiulizwa ujibu wewe.

Namshukuru Mungu aliyenipa mwili huu na akauvumilia nikiutendea vibaya. Namshukuru Naftali, na mwanangu Otieno aliyeuliza mama anahitaji nini. Namshukuru Sista aliyefunga pazia akaniuliza kwa lugha yangu, na yule daktari kijana aliyejua kuomba radhi.

Na kwenu, dada zangu. Ukisikia uzito chini, au kitu kinachungulia, au pamekauka panauma, au damu imetoka baada ya hedhi kukoma, usikae nayo. Usitie chumvi wala mizizi. Damu hiyo hasa, nenda ipimwe, hata kama ni tone. Ninyi wenye wakaza wana waliojifungua juzi, wapokonyeni hilo jembe. Na ukiwa na mume anayekupenda, mwonyeshe. Akiwa si wa kuonyeshwa, mwonyeshe nesi.

Najua kuna mwenye swali na hawezi kuliuliza hapa mbele za watu. Hata mimi nisingeuliza. Tukimaliza kula nitakuwa pale nyuma naosha vyombo. Njoo uchukue kitambaa unisaidie kupangusa sahani. Hatutatazamana, mikono itakuwa na kazi, na maji yatakuwa yanapiga kelele. Niambie tu.